Vidole Vitatu Nyuma ya Kisigino

Kwako Baba, uliyeko Missouri City, pembeni mwa Houston,

Viatu vimefika. Nakushukuru, na nataka shukrani hiyo ikae hapa juu peke yake kabla sijaanza kukuuliza maswali.

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa Jumamosi alituambia tuandike barua ya wazi kwa mtu aliye mbali, nasi tutaisoma mbele ya wazazi. Wenzangu wamewaandikia bibi zao walioko Mombasa na Bukavu. Mtu wangu mimi yuko ndani ya jimbo hili hili, mwendo wa asubuhi moja kwa gari, lakini nilipofikiria nani yuko mbali kuliko wote nikaona ni wewe. Mama ameisoma kwanza. Alikaa nayo kwenye kochi akiwa bado amevaa sare ya kazini, kisha akanirudishia na kusema, "Usifute kitu."

Basi sifuti. Swali la kwanza ni hili: nani alifunga ule utepe?

Sanduku lilikuja limefungwa utepe wa buluu, na fundo lake lilikaa kama ua. Baba, mimi nakujua. Zawadi zako zote huja ndani ya mfuko wa dukani uliozungushiwa selotepu mpaka tunatafuta kisu. Nililitazama lile fundo kwa muda mrefu kuliko nilivyovitazama viatu. Nikanusa sanduku kila upande. Lilinuka plastiki mpya tu, na hata hilo halikunituliza.

Najua kwa nini ulichagua viatu vya kuteleza kwenye theluji. Ni kwa sababu ya sinia. Unaikumbuka ile baridi kali, umeme ulipokatika hapa Irving na maegesho ya magari yakawa kioo kitupu? Ndege hazikuruka, kwa hiyo hukuwa na mizigo ya kupakia kule uwanja wa ndege, ukabaki nyumbani siku nzima ukizunguka kama simba. Mwishowe ukachukua sinia kubwa la Mama, ukaniweka juu yake, ukanisukuma kutoka kwenye mteremko ulio karibu na majalala. Mama alifungua dirisha, akapiga kelele:

"Sinia langu la pilau hilo!"

"Litarudi!" ulimjibu.

"Likirudi limepinda, utakula pilau kwenye kiganja!"

Lilirudi limebonyea upande mmoja, na mpaka leo pilau letu hulalia upande huo. Siku ile ulinipangusa barafu kwenye magoti ukasema, "Mamangu, siku moja nitakupeleka kwenye mlima wenyewe." Kwa hiyo shule ilipotangaza safari ya kwenda milimani New Mexico, nami nikakwambia kwenye simu, nilijua utakumbuka. Ulikumbuka. Hapo sina shaka na wewe.

Shaka yangu iko kwenye ukubwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha viatu. Kila Idi ulikuwa unanipeleka dukani, na kila mara muuzaji akisema kiatu kimenikaa vizuri, wewe ulikuwa unamtazama kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni mwako. "Huyu anataka turudi mwakani," ulikuwa ukininong'oneza. Ulipiga goti, ukaniambia nisogeze vidole vya mguu mbele mpaka viguse, halafu ukachomeka kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino changu. "Kidole kimoja, mwaka mmoja," ulisema. Kikiingia, tunanunua. Kisipoingia, tunaondoka, hata kama kiatu chenyewe ndicho nilichokiota.

"Mtoto anatembea kama bata," Mama alikuwa akisema siku ya Idi.

"Bata anayekua," ulimjibu.

Kilichobana kwa pembeni ulikitengeneza wewe mwenyewe, kwa ajili ya ule mfupa wetu, uliotokeza chini ya kidole kidogo cha mguu, wako na wangu. Ulilowesha magazeti, ukayashindilia ndani ya kiatu changu cha shule, ukakikandamiza hapo kwenye mfupa kwa mpini wa kijiko. Asubuhi kiatu kilinuka gazeti, lakini hakikuniuma.

Siku ulipokwenda Houston ulifanya jambo jingine. Uliniambia nisimame peku sakafuni. Ukachukua uzi mweusi kwenye kopo la Mama la kushonea, ukauvuta kutoka kisigino hadi kidole gumba, ukaukata kwa meno, ukautia kwenye pochi yako. "Nikiona kiatu kizuri huko, nisikisie," ulisema. Ilikuwa kazi ya bandarini, ya miezi michache tu. Ungelala kwa Ami Salim, ndugu yako, na ungerudi kila ukipata nafasi.

Mwanzoni ulirudi kweli, na korosho za kukaanga kutoka kile kituo kikubwa cha mafuta katikati ya njia. Halafu korosho zikapungua. Ukaacha kusema "miezi michache." Nami nikaanza kuangalia vitu, Baba, samahani lakini niliangalia. Niliona koti lako la baridi limeondoka, na Houston hakuna baridi ya koti lile. Niliona mashine yako ya kunyolea imeondoka. Safari ya mwisho ulibeba msala wako wa kuswalia, nao huubebi hata ukisafiri, siku zote unasema kwa Ami misala iko tele. Nikimuuliza Mama, alisema, "Baba yako ana mambo mengi." Ukipiga simu, alikwenda nayo bafuni na kufungua bomba. Hakuna mtu anayenawa mikono kwa nusu saa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa lile sanduku lilipofika. Nilikuwa nimeshaanza kushuku kila kitu, hata utepe.

Furaha alikuwepo nilipovijaribu. Ni yule rafiki yangu Mkongo wa ghorofa ya chini, unamjua, yeye pia anakwenda kwenye safari. Vile viatu ni vigumu kama ndoo, vina vifungo vya chuma mbele, na ndani kuna kiatu kingine laini. Nilisimama navyo sebuleni, Furaha akaziba mdomo.

"Weye! Hii viatu ni ya robot!"

"Ndivyo vilivyo," nikamwambia.

"Sawa, lakini mguu yako inaogelea mule ndani. Naisikia. Tembea tena." Nikatembea, na kweli kisigino kilisikika kikipiga. "Baba yako alinunua ya weye, ao ya dada yako mukubwa?"

"Sina dada mkubwa."

"Basi mi sijue."

Alikuwa anatania. Lakini neno lile lilinibakia. Ulikuwa na uzi wangu kwenye pochi. Mtu mwenye uzi hakosei hivyo. Ama viatu vilinunuliwa kwa ajili ya mguu wa mtu mwingine, ama ulishasahau kwamba uzi ule upo. Sikujua lipi kati ya hayo mawili ni afadhali.

Mama aliniambia nivae soksi mbili, halafu tatu. Mguu ukaacha kuogelea, ukaanza kufa ganzi. Ndipo akasema twende kwenye duka moja huko Dallas wanakotengeneza viatu hivi ili vimkae mtu. Njiani alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. "Watu wanauza vitu vya theluji mahali ambapo theluji hakuna," alisema. "Tuwe macho."

Fundi alikuwa mama wa makamo anayeitwa Loreta, miwani yake ikining'inia kwenye kamba. Hakukigusa kiatu kwanza. Alinikalisha, akanivua soksi zote, akanipima miguu yote miwili nikiwa nimesimama, urefu kwa sentimita na upana pia, kisha akapapasa mashavu ya miguu yangu na ule mfupa wa pembeni.

"Nani mwingine nyumbani ana huu?" aliuliza.

"Baba."

"Yuko wapi? Ningependa kuuona wake."

Nilimtafsiria Mama. Mama akatazama ukuta wenye picha za milima.

Halafu Loreta akachomoa kile kiatu cha ndani, likabaki gamba tupu la plastiki. Akaniambia niingize mguu peku, nisogeze vidole mbele mpaka viguse, nikunje magoti. Akapiga goti nyuma yangu. Baba, nilijua atafanya nini kabla hajafanya. Alichomeka kidole nyuma ya kisigino changu.

Sikujua kwamba kuna mtu mwingine duniani anayepima hivyo.

"Viwili," alisema, akiwa ameingiza vidole viwili vimepangana. "Hivi vina kazi. Ni nafasi ya kile kiatu cha ndani. Mtu anayejifunza namwachia hivi viwili, basi." Kisha akaleta mkono wa pili. Akaongeza kidole kimoja. Akaongeza kingine. Akaongeza cha tatu, nacho kikaingia bila kusukumwa. "Na hivi vitatu," alisema, "havina kazi yoyote."

Nilihesabu tena kichwani. Kidole kimoja, mwaka mmoja. Hukusahau uzi. Uliutumia. Uliulaza ndani ya kiatu huko Houston, ukauongezea vidole vitatu, kwa sababu ulijua hutakuwepo kuninunulia vingine mwakani, wala mwaka unaofuata, wala ule mwingine.

Mama hakujua ninachofikiria. Yeye alikuwa anabishana kupitia kwangu.

"Mwulize, akijaza sponji?"

Loreta akatikisa kichwa. "Atateleza ndani ya kiatu wakati kiatu kinateleza kwenye theluji. Akitaka kukata kona, mguu utageuka na kiatu kitabaki. Anaweza kuumia."

"Basi avipunguze."

"Siwezi. Plastiki naweza kuipasha moto nikaisukuma nje, pale kwenye mfupa wake. Kile cha ndani naweza kukipasha moto kikachukua umbo la mguu. Soli naweza kumchongea. Kubana kunatengenezeka. Kikubwa hakipungui."

Akaleta kiatu cha kipimo changu, nikivae tu nijue kinavyokuwa, na soksi moja nyembamba. Akaniambia nigonge kisigino sakafuni, kisha akafunga vifungo taratibu. Vidole vyangu viligusa mbele, na mfupa ukaanza kulalamika. "Kinanibana," nikamwambia. Akasema nisisimame wima, nikunje magoti kama ninayetaka kukaa, niegemeze miguu mbele. Nilipofanya hivyo vidole vilirudi nyuma kidogo vyenyewe, na kisigino kikashikwa. Sijui nikueleze vipi. Kilishikwa kama mtu ananishika kisigino kwa mkono.

"Mtoto anasema kinambana, na huyu anatabasamu!" Mama alisema. "Huyu anataka tununue."

Loreta hakuelewa maneno lakini alielewa sauti. Akacheka. Alisema sina haja ya kununua kwake. Vile ulivyonunua havijatumika na risiti imo ndani ya sanduku, basi duka la Houston huenda likavibadilisha. Ila akasisitiza jambo moja: "Mguu lazima uwepo. Wasikubadilishie kwa namba tu."

Jioni ile ulipiga simu, nikawahi kuichukua kabla ya Mama.

"Viatu vimekukaa, mamangu?"

"Baba, nani alifunga utepe?"

"Utepe? Dukani. Kwa nini?"

"Ulipima kwa uzi wangu?"

"Kwa uzi wako huo huo. Muuzaji alinicheka. Nikamwambia, kijana, hii ndiyo rula yangu."

"Ukaongeza vidole vitatu."

Ulicheka, Baba, lakini ulicheka zaidi ya urefu wa kicheko chako. "Si unakua?"

"Kidole kimoja, mwaka mmoja. Unakwenda wapi?"

Nilisikia televisheni ya kwa Ami nyuma yako. Nilisikia Ami akiuliza kama chai imechemka.

"Nani alikufundisha hesabu hiyo?" uliuliza mwishoni.

"Wewe."

"Mpe Mama simu."

Nikampa. Mama akaenda bafuni, nami nikasubiri bomba. Bomba lilifunguka, halafu, baada ya muda mfupi, likafungwa. Hilo halijawahi kutokea. Nikasogea mlangoni. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto amehesabu. Mimi sitamwambia hesabu yake ni mbaya."

Aliniambia kesho yake, ndani ya gari, tulipofika nyumbani kutoka dukani kununua mchele. Hakuzima injini. Ndege ilikuwa inapita juu yetu ikishuka, akaingoja ipite, kwa sababu wewe ndiye uliyetuzoesha kunyamaza ndege ikipita.

"Baba yako hajui kama atarudi kuishi na sisi," alisema. "Na mimi, nisikudanganye, sijui kama nataka arudi."

"Mmegombana?"

"Tuligombana zamani. Sasa tumechoka tu."

"Kuna mtu mwingine?"

Mama akanitazama. Kona ya mdomo wake ilicheza. "Utepe walifunga dukani. Hata mimi nilimuuliza."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Mwaka mzima nyumba yetu imekuwa na maneno mapana, "mambo mengi," "miezi michache," "tutaona," na mimi naogelea ndani yake huku kila mtu ananiambia nivae soksi nyingine. Alichosema Mama kilinibana kila upande. Lakini nilisimama ndani yake, Baba, na sikuteleza.

Sikukasirikia viatu. Nimefikiria sana, nimeona kwamba mtu asiyejali angeninunulia vya kipimo chochote. Wewe ulikaa dukani na uzi wangu, ukijua unalolijua, ukajaribu kuninunulia miaka yote mitatu mara moja. Nadhani ulifikiri ukiniwekea nafasi ya kutosha sitagundua kwamba hupo. Ila viatu hivi si vya Idi. Hivi havisubiri mtu akue.

Basi nimeamua hivi, na Mama amekubali. Jumamosi kabla ya safari tunakuja Houston. Sanduku tunalileta, utepe nimeurudishia mwenyewe, fundo langu ni baya na halifanani na ua. Usituletee mtu wa kutuonyesha njia, na usimtume Ami. Uje wewe. Njoo na ule uzi, uone umekuwa mfupi, kwa sababu nimekua ulipokuwa hutazami. Nitavaa soksi moja nyembamba. Fundi wa huko akichomoa kile kiatu cha ndani, mwombe akupishe. Piga goti kama ulivyokuwa ukipiga, uchomeke vidole viwili, vile vyenye kazi. Ule mfupa wangu watausukumia plastiki nje, na nataka wauone na wako, kama Loreta alivyotaka.

Ukimaliza, kama bado kuna kidole unachotaka kuongeza, usikitie kwenye kiatu. Inua uso, uniambie kwa mdomo, hata kama ni vitatu. Nitakuwa nimekunja magoti, kisigino kimeshikwa, sitaanguka.

Mama amesema ataegesha gari mbele ya duka. Nilimuuliza kama atashuka. Amesema ataona. Lakini leo nimemkuta anatafuta korosho kwenye kabati, anauliza kama kile kituo cha katikati ya njia bado wanazikaanga.

Nakungoja, Baba, kwa mguu wa leo.

Ni mimi binti yako,
bata anayekua